Mkanyaga Kinanda

Nilimjua kwa mguu wa kushoto kabla sijainua uso kutoka kwenye cherehani. Viatu vilikuwa vipya, vyeusi, vya kung'aa, viatu vya mtu aliyesahau kwamba Karatu ina vumbi jekundu. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa ule ule, unakuja nyuma kidogo ya mwenzake kana kwamba unaona aibu. Ulipanda ngazi mbili za baraza ya duka la Mzee Seif, ukasimama mbele yangu. Mimi nikaendelea kushona. Nilikuwa napinda shuka la mteja, na shuka la mteja lina maana kuliko Clemensi Qamara.

"Soila," alisema.

Nikashona upindo mpaka mwisho. Nikakata uzi kwa meno. Ndipo nikamwinulia macho, nikampandisha na kumshusha bila haraka. Suti ya kijivu. Kifungo cha juu kimefungwa hadi shingoni. Leso mfukoni imekunjwa pembe tatu. Mtu huyu aliondoka hapa mwaka hamsini na tisa na kaptura ya kaki na ndara za tairi, na sasa, mwaka sitini na sita, anarudi kama mtu wa kwenye kalenda. Zaidi ya mguu, kitu kimoja tu hakikubadilika. Yalikuwa macho yale yale ya mtu anayesikiliza kitu kilichoko nyuma yako. Nilikasirika kuona kwamba bado nayajua.

"Karibu, mgeni," nilisema. "Unashonesha, au umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Basi umepotea."

Ndani ya duka nilisikia mizani ya Bi Mwanamwema inanyamaza. Bi Mwanamwema ni mke wa Mzee Seif, na ndiye aliyenipa nafasi ya kuweka cherehani barazani kwake wakati watu wa Karatu hawajawahi kuona mwanamke, tena Mmasai, anashona suruali za wanaume. Ni mtu mwema sana, ila masikio yake hayajui kupumzika. Alikuwa anapima sukari, akaacha.

Clemensi aliangaza macho kutafuta mahali pa kukaa. Kigoda kilikuwa kimoja na juu yake nilikuwa nimerundika vitambaa. Sikuviondoa. Akabaki amesimama.

"Wamekwambia nimekuja?"

"Wamenichosha nayo."

Na kweli walinichosha. Wiki nzima Karatu haikuwa na habari nyingine. Mwalimu Clemensi anakuja. Mwalimu Clemensi, mpiga kinanda wa kanisa kuu la jimbo, aliyetunga Misa nzima ya Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, mtoto wa Katekista Qamara wa kule Daa, si mnamkumbuka? Kinanda cha kanisa kuu kina mabomba marefu kupita nyumba, wanasema, na wanaume wawili wanakipuliza upepo nyuma ya ukuta. Jumapili Askofu anakuja kutoa kipaimara, na Misa ya Mwalimu itaimbwa hapa kwetu, kwenye kinanda chetu kikuukuu, kwa sababu hapa ndipo Mwalimu alipoanzia. Wanakwaya walikuwa wanapita barabarani wamenyoosha shingo kama wao ndio waliotunga. Nimewasikia wakifanya mazoezi. Sauti ya pili inaimba kama watu waliolazimishwa.

"Sikuja kujisifu," alisema.

"Leso hiyo imekuja kufanya nini?"

Akaigusa, akaitoa mfukoni, kisha hakujua aiweke wapi. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

Lazima nieleze, maana anayetuona pale barazani angesema mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya. Roho yangu ilikuwa nzuri mwaka hamsini na tisa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, najifunza kushona kwa masista wa misheni. Clemensi alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, kijana mwembamba wa Kimbulu ambaye hata wakati wa kula vidole vyake vilikuwa vinapiga nyimbo kwenye ukingo wa meza. Wiki mbili kabla ya Pasaka plau ya ng'ombe wa baba yake ilimkata mguu wa kushoto. Sasa kinanda chetu ni cha kukanyaga. Chini kuna vikanyagio viwili vinavyovuta upepo, na bila miguu mikono haina kazi, hata mtu awe na vidole vya malaika. Padri alihangaika. Sista mkuu akaitazama miguu yangu, akasema huyu amepanda na kushuka mlima wa Ngorongoro tangu utoto, akae na Clemensi benchi moja, huyu akanyage na yule apige.

Siku zile msichana na mvulana hawakukaa hata upande mmoja wa kanisa. Sisi tulikaa benchi moja. Yeye aliunyoosha pembeni mguu wake wenye bandeji, mimi nikaingiza miguu yangu chini ya kinanda, na bega langu halikuwa na pa kwenda ila kwenye bega lake. Mwanzoni kinanda kilikohoa, maana nilikanyaga kama naponda udongo wa kukandika nyumba. Clemensi alinigusa kwa kiwiko. Polepole hapa. Zidisha pale. Acha. Baada ya wiki moja sikuhitaji kiwiko. Mbele yetu kulikuwa na kioo kidogo, kimepachikwa ili mpigaji amwone padri altareni, kwa sababu tulikuwa tunaipa altare mgongo. Padri nilimwona mara chache. Nilimwona Clemensi ananitazama, naye aliniona namtazama, na pale nilipovuta pumzi mimi ndipo na kinanda kilipovuta. Watu wakaanza kusema kinanda cha Karatu siku hizi kinapumua. Mguu wake ulipona mwezi wa sita. Tuliendelea kusema unauma.

Mwezi wa nane akaja Askofu. Nilikuwa nimempelekea baba yangu habari kwamba yupo mtu. Baba yangu, Mzee Metui, ni mtu wa Ngorongoro kabisa, hapandi lori na hapendi watu wanaolima. Lakini alishuka mlima kwa miguu, akasimama nje ya kanisa na fimbo yake, amekuja kumwona huyo mtu. Katekista Qamara naye alikuwepo, yeye ambaye alikuwa ameshamwambia mwanawe kwamba hataki mkwe kutoka kwa watu waliochukua ng'ombe wa babu yake. Misa ikaisha. Askofu akaja mpaka tuliposimama, akamshika Clemensi mkono.

"Nimesikia vinanda vingi," alisema. "Hiki kinapumua kama mtu. Na binti huyu ni nani?"

Clemensi alimtazama baba yake. Akamtazama Askofu. Mimi hakunitazama.

"Huyu ni mkanyagaji tu, Baba Askofu."

Baba yangu hana Kiswahili kingi, lakini lile neno la mwisho alilielewa vizuri. Akageuka, akapanda mlima saa ile ile bila kunywa hata maji. Mwezi uliofuata Clemensi akachukuliwa kwenda kanisa kuu kufundishwa muziki, kwa sababu ya kinanda kilichopumua. Hiyo ndiyo habari yake yote, na kama kuna anayeona nilimwonea kumnyima kigoda, ashauriane na moyo wake.

"Nimekuja kukuomba kitu," alisema pale barazani.

"Omba."

"Kesho kwenye Misa nataka ukanyage."

Nilicheka. Nilicheka mpaka Bi Mwanamwema akatokea mlangoni na kijiko cha sukari mkononi.

"Miaka saba," nilimwambia. "Miaka saba, halafu unataka nikanyage."

"Niliandika barua."

"Uliandika mbili. Ya kwanza ulinieleza urefu wa mabomba. Ya pili ulinieleza baridi ya chumba chako. Nimezifungia vifungo vya mashati, ukitaka nikuonyeshe."

Aliinamisha kichwa. "Barua sijui kuandika."

"Kukanyaga je? Miguu unayo miwili, naiona. Umeivalisha vizuri."

"Huu wa kushoto haukupona sawasawa. Nikikanyaga nao dakika kumi unakufa ganzi. Kule kanisa kuu upepo wanapuliza watu, nafanya ujanja. Hapa hakuna ujanja. Jana nilijaribu na katekista mpya, kinanda kinalia kama mbuzi anayekabwa."

"Kwa hiyo umekuja kutafuta miguu."

"Nimekuja kumtafuta mwenye miguu."

Aliyasema maneno hayo upesi mno, yamenyooka mno. Nikamkazia macho.

"Hayo umeyatunga lini? Kwenye lori?"

"Kwenye lori," alikiri.

Bi Mwanamwema alikohoa mahali pa kucheka. Clemensi akamsalimu, "Shikamoo, Bi Mwanamwema," naye akajibu marahaba kwa upole wa kuudhi, halafu akaondoa vitambaa vyangu kwenye kigoda na kumsukumia mgeni. Nilimkata jicho. Akajifanya hanioni.

Clemensi alikaa. Kutoka kwenye mkoba wake akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu, akalifungua juu ya shuka nililokuwa nashona. Ilikuwa ile Misa yake. Kurasa zilijaa herufi za do, re, mi kwa wino mweusi, mwandiko mdogo, safi. Nazijua kuzisoma, alinifundisha mwenyewe kwenye lile benchi. Na chini ya kila mstari kulikuwa na alama ndogo nyekundu, mbili mbili, zinapishana.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Miguu yako," alisema. "Hapa unakanyaga polepole. Hapa unaacha, unavuta pumzi. Hapa unazidisha."

"Si unasema kule wanapuliza wanaume wawili?"

"Wanapuliza kama watu wanaotwanga. Hawazioni alama hizi, hakuna anayezihitaji. Mkuu wa kwaya aliniuliza ni za nini, nikashindwa kumjibu. Lakini Soila, mimi siwezi kutunga hata mstari mmoja bila kujua wewe ungekanyaga wapi. Nilijaribu. Misa yote hii nimeitunga umekaa pembeni yangu."

Haya hakuyatunga kwenye lori. Niliona kwa jinsi sauti ilivyomkauka. Moyo ulinidunda, na niliuchukia kwa kudunda, maana nilidhani nimeshaufundisha adabu. Nikanyoosha mkono, nikazigusa zile alama nyekundu kwa kidole. Alikuwa sahihi. Kila mahali ambapo mimi ningepumua, alikuwa amepaweka.

Kisha nikalifunga daftari na kutazama jalada.

"Hapa mbele pana jina moja," nilisema.

Akalitazama jalada lake.

"Mtunzi, C. Qamara. Miguu yangu umeipaka nyekundu huko ndani, ambako hakuna anayeisoma. Jina lako umeliweka nje."

"Nikiliweka na lako, Askofu atauliza."

"Akiuliza?"

Clemensi alijifuta uso kwa leso.

"Afadhali," nilisema. "Angalau leso imepata kazi."

"Soila, baba yangu bado yupo hai. Mzee anaumwa presha. Wewe unajua anavyosema juu ya..."

"Juu ya sisi wezi wa ng'ombe. Najua. Basi nikupe na mimi habari. Jumatatu watu wa Ngoitiko wa Engaresero wanafika kwa baba yangu na asali ya posa. Nimekataa wanaume wawili tayari, na baba amesema huyu wa tatu sitamkataa. Kesho anashuka kunichukua. Ukitoka kanisani utamwona, atasimama pale pale aliposimama siku ile."

Uso wake ulibadilika. Rangi ilimtoka kabisa, nami nikakaa vizuri kwenye kiti changu ili niitazame ikitoka.

"Huyo Ngoitiko ni mtu gani?"

"Ni mzee. Mke wake alifariki. Anaongea zaidi na ng'ombe kuliko na watu, na wanasema ng'ombe nao wamemchoka."

"Unampenda?"

"Simjui kiasi cha kumdharau," nilisema. "Wewe nakujua."

Gari la watalii lilipita kuelekea kreta, likatuachia vumbi, na vumbi likatua juu ya vile viatu vyake. Hakuvifuta. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama zamani kwenye kioo, na kwa muda mdogo sana nilisahau kukunja uso.

"Nitakuja," nilisema.

Alichanua. Yaani uso wote ulichanua, kama kwamba nimemwambia yameisha. Nikamdharau zaidi kwa kuridhika haraka hivyo. Alinishukuru, akamshukuru Bi Mwanamwema ambaye hakufanya lolote, akateremka ngazi, mguu wa kushoto nyuma. Bi Mwanamwema alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona ya barabara ya misheni.

"Soila mwanangu," alisema, "wewe unakwenda kufanya ubaya."

"Ndiyo, Bi."

"Ubaya gani?"

"Katikati ya Misa nitainua miguu. Pale pa juu kabisa kwenye wimbo wa Utukufu, Askofu akiwa anasikiliza. Watu wote waone mikono yake inavyoweza kupiga peke yake."

Alifikiri, akilamba sukari iliyobaki kwenye kijiko.

"Basi vaa lile gauni la bluu," alisema.

Nilivaa lile la bluu. Kanisa lilijaa mpaka milangoni, watoto wa kipaimara mbele na masoksi meupe, wazazi wao nyuma wamevaa masweta kwa ajili ya baridi ya Julai. Benchi lilikuwa lile lile, sisi ndio tulioongezeka mwili. Bega langu likakutana na bega lake kama kwamba lilikuwa na miadi. Alinukia sabuni ya mjini. Kioo kilikuwa bado kipo, kimeingia weusi pembeni, na ndani yake nilimwona Askofu ameketi kwenye kiti chake, mzee sasa, na karibu yangu sana macho ya Clemensi.

"Asante," alinong'ona.

"Angalia kazi yako," nikamjibu.

Nilitaka kuidharau ile Misa. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilijiambia itakuwa muziki wa mtu wa leso, wa kujikweza, wenye noti nyingi zisizo na sababu. Wimbo wa kwanza ukaanza, na baada ya mistari miwili nilijua nimepatikana. Mimi ni fundi, najua nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu. Ile Misa ilikuwa imekatwa kwa kipimo changu. Sikulazimika kutafuta mahali pa kuvuta pumzi, kila nilipoihitaji palikuwa tayari pamewekwa. Hata sauti ya pili iliimba vizuri, jambo ambalo sikulitegemea maishani. Mama mmoja kando yetu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Miaka saba nilikuwa nimeficha kwamba nilimpenda mtu huyu, na sasa alikuwa ameimwaga habari yote mbele ya parokia, ila hakuna aliyejua ni habari ya nani. Hilo ndilo lililonirudishia hasira.

Tukafika kwenye Utukufu. Ulipanda taratibu, ngazi kwa ngazi, mpaka pale juu nilipopachagua. Nikainua miguu.

Kinanda kilizama. Sauti ililegea, ikashuka, ikafa. Wanakwaya walibaki peke yao hewani, wakatazamana, mmoja mmoja wakaacha. Kwenye kioo nilimwona Askofu anainua kichwa. Nyuma yetu watu walianza kugeuka, na yule katekista mpya akanyanyuka nusu asijue aende wapi.

Nilisubiri kiwiko. Angenigusa kwa kiwiko kama zamani ningeondoka pale na nisingerudi. Au angeweza kuingiza mguu wake wa kulia akakanyaga mwenyewe, aokoe jina lake. Hakufanya hata moja. Aliondoa mikono kwenye kinanda, akaiweka magotini. Hakumtazama Askofu. Alinitazama mimi kwenye kile kioo, akangoja.

Kile kimya nilikuwa nimekitamani miaka saba. Kilikuwa kitamu, siwezi kukataa, lakini utamu wake uliisha mapema kuliko nilivyopanga.

"Ukiwa tayari," alisema kwa sauti ya chini.

Nikakanyaga. Upepo ukajaa, naye akaingia baada yangu, siyo kabla. Wanakwaya wakapokea. Tuliendelea hivyo hadi mwisho wa Misa, mimi mbele, yeye nyuma.

Nje jua lilikuwa limetoka. Baba yangu alikuwa amesimama pale pale, shuka jekundu begani, mikono juu ya fimbo. Katekista Qamara naye alikuwepo, amezeeka, ameshikilia mkongojo. Askofu akaja moja kwa moja mpaka kwetu, na watu wakasogea kusikia.

"Mwalimu Clemensi," alisema, "pale kwenye Utukufu palitokea nini? Kinanda kimeharibika?"

Clemensi alifungua mdomo. Na mimi niliyaona macho yake, niliyaona vizuri sana, yakienda upande wa baba yake kama yalivyokwenda mwaka hamsini na tisa. Sikuwa na miaka saba mingine ya kungoja yarudi.

"Nilikisimamisha mimi, Baba Askofu," nilisema.

"Wewe? Na wewe ni nani, binti?"

"Mimi ni mkanyagaji tu. Huyu ananisaidia kwa mikono."

Hakuna aliyecheka. Katekista Qamara alivuta pumzi kwa nguvu. Sikumtazama Clemensi, nilitazama vile viatu vyake, maana kama angesema neno la kunikana nilitaka nilikumbuke pamoja na viatu.

"Ni kweli, Baba Askofu," alisema. "Namsaidia."

"Clemensi," Mzee Qamara alisema, "mwanangu, angalia unachosema mbele za watu."

"Nimeangalia miaka saba, Baba." Akamgeukia Askofu. "Baba Askofu, ile siku uliyosema kinanda kinapumua, aliyekuwa anapumua ni huyu. Ulimsifu yeye, sifa nikazichukua mimi. Misa hii nimeiandika kwa miguu yake. Na kama angenikubali mwaka ule, au angenikubali leo, ningemwoa."

Hapo hapo alitoa kalamu mfukoni, akaliweka daftari juu ya goti alilolikunja, na chini ya jina lake akaandika la kwangu, Soila Metui, kwa wino mweusi. Askofu alilisoma, akasema tu kwamba ataagiza wapiga chapa wasilisahau, akaenda kuwasalimu watoto wa kipaimara. Mwandiko ulikuwa mbaya. Nilimwambia hivyo.

Kisha akamwendea baba yangu. Kwenye lile benchi nilimfundisha zamani jinsi kwetu mtu mdogo anavyomsalimu mzee, na sikudhani alishika. Alisimama mbele ya Mzee Metui na suti yake, akainamisha kichwa ili kiguswe, akangoja. Baba hakuinua mkono. Alikitazama kile kichwa kwa muda mrefu kama mtu anayekagua ndama mnadani.

"Soila," alisema kwa Kiswahili chake kidogo, ili Clemensi asikie, "hii ndiye yule alisema wewe ni wa kukanyaga tu?"

"Ndiye, Baba."

"Ngoitiko atakuja kesho. Kama hii mtu anataka kuongea, aongee leo, kwangu, mbele ya mama yako. Siyo hapa kwa watu wa vitabu." Akashusha macho kwenye viatu. "Hii viatu inafika Ngorongoro?"

"Havifiki, Baba."

"Basi avue. Kichwa nitagusa huko juu, kama itafika."

Akageuka, akaanza kutembea. Clemensi aliinama, akafungua kamba, akavua viatu na soksi. Katekista Qamara alimwita mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Clemensi akamwendea baba yake, akampa leso na ufunguo wa chumba chake cha misheni, akasema, "Nitarudi, Baba," na mzee akavipokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Viatu alivibeba mwenyewe. Alidhani labda nitampokea, aliniangalia hivi, nikaangalia mlima. Tulipita mbele ya duka la Mzee Seif, na Bi Mwanamwema alikuwa amesimama karibu na cherehani yangu ameshika kiuno. Tukapita mashamba ya mwisho ya ngano. Barabara ikaanza kupanda, baba mbele, mimi nyuma yake, na Clemensi nyuma yangu.

"Soila," aliniita, anahema tayari. "Bado unanidharau?"

"Tembea."

Baada ya kona ya pili nilisikia mguu wa kushoto unachelewa kwenye vumbi. Hakusema kwamba unauma. Nikapunguza mwendo kidogo, bila kugeuka, asije akajidai kwamba nimemsamehe.